Bangili ya Waya wa Simu

Anayesema majini huja usiku tu hajawahi kuishi nyumba ya Yunusu, pale Sumbawanga. La kwao lilianza mchana kweupe, jua la Ufipa linawaka na upepo wake wa baridi unasukuma vumbi mlangoni, mwanamke anachagua maharage.

Mwanamvua, mkewe Yunusu, alikuwa amekaa mkekani na sinia la bati mbele yake, tumbo la miezi saba likimzuia kuinama vizuri. Bangili ya mkono wake wa kulia ikagonga ukingo wa sinia. Bangili kugonga sinia si kitu. Ila hii iligonga mara nane, upesi upesi, mapigo yamelingana, kisha ikanyamaza. Mwanamvua aliutazama mkono wake kidogo, halafu akaendelea na maharage. Yunusu alikuwa mlangoni anavua viatu, na alibaki na kiatu kimoja mkononi.

Yunusu alikuwa karani wa simu posta tangu kabla ya vita vya Hitla. Kazi yake ilikuwa kugonga kile kidude cha shaba mezani, pigo fupi na pigo refu, herufi kwa herufi, maneno yakapita kwenye waya juu ya nguzo mpaka Mbeya. Na hakuna karani wa simu asiyejua maana ya mapigo manane mafupi yaliyofuatana. Maana yake ni kwamba nimekosea. Karani akikosea neno hugonga milio hiyo minane, mwenzake wa upande wa pili analifuta, ndipo hulituma lile lililo sahihi.

Yunusu akajisemea kwamba ni uchovu. Uchovu alikuwa nao kweli, maana mwenzake alikuwa amehamishwa na wa kumpokea hajaletwa, na yeye peke yake anagonga kutwa, misiba ya watu, bei za mahindi na maneno yasiyokwisha ya Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya, hata akilala vidole vinaendelea kugonga godoro. Akavua kiatu cha pili, akaenda kula.

Lakini haikukoma. Mwanamvua akitia chumvi kwenye mboga, minane. Akitandika kitanda, minane kwenye chuma cha kitanda. Akifunga mlango, minane. Na kila mara ilifuata harufu kali ya maji ya betri, kama ile ya chumba cha nyuma cha posta, humo ndani ya nyumba isiyokuwa na betri hata moja. Mama yake Yunusu, Bi Kulsumu, aliyekuwa anaishi nao, alifukiza ubani mpaka machozi yakawatoka wote, na harufu ile ikabaki chini ya ubani.

Kosa la Yunusu lilikuwa mdomo. Jioni moja Mwanamvua alimuuliza kwa nini kila bangili ikigonga yeye hushtuka, naye, kwa kuchoka kwake, akamwambia ukweli nusu. Alisema kazini kwao mlio ule ni wa kosa.

Masikini, laiti angenyamaza. Mwanamvua alikuwa ameshapoteza mimba mbili, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwa nini, si daktari wala mkunga. Sasa amepata wa kumwambia anakosea, na huyo naye hasemi anakosea wapi. Akaanza kurudia kila kitu. Mchele uliooshwa ukaoshwa tena. Uwanja uliofagiliwa ukafagiliwa tena, na mchana ungemkuta amesimama katikati ya chumba na khanga mkononi, haifungi wala haiweki chini, anauliza kuta kwa sauti ya chini, "Wapi? Nimekosea wapi?" Bi Kulsumu alimnyang'anya ufagio, naye akakaa chini akalia kwa uchovu, bila sauti.

Bangili yenyewe ilikuwa zawadi ya mumewe. Walipobadilisha nguzo za simu upande wa Mollo, waya wa zamani, ule uliofungwa tangu enzi za Mjerumani, uliangushwa, na watu wakaukata vipande kujitengenezea mapambo, kama walivyozoea kila wakipata waya. Yunusu naye alichukua kipande, akampa Eustaki mhunzi akakisokota bangili nzuri, akamvisha mkewe siku alipoambiwa kuna mimba. Sasa haivuliki, akamrudia Eustaki aje aikate. Eustaki alikuja na tupa, akaipitisha mara moja tu, na Mwanamvua akapiga ukelele wa mtu anayekerezwa mfupa. Mhunzi alifunga vyombo vyake akaondoka, hata chai hakunywa. Mwalimu wa madrasa akaandika kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, Mwanamvua akalinywa lote, na bangili ikagonga kikombe kitupu mara nane.

Hapo bado Yunusu alijitahidi. Ikianza kugonga, alikuwa anakohoa, au anataja jina la Mungu kwa sauti, au anaukamata mkono wa mkewe na kuubana kifuani mpaka utulie. Alifikiri hivyo ndivyo kumlinda.

Adhuhuri moja alirudi kula akamkuta mkewe amelala chali, anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Mtoto anacheza," alisema taratibu. "Weka mkono uone."

Yunusu akaweka kiganja chake juu ya khanga, akangoja, na chini ya kiganja akasikia kisigino kidogo kinasukuma, akataka kucheka, na kisigino kikasukuma tena, na tena, upesi upesi, mapigo yamelingana, na ingawa hakutaka kuhesabu, vidole vyake vilivyohesabu miaka yote vikahesabu vyenyewe mpaka nane, kisha tumbo likatulia, na harufu ya maji ya betri ikapanda kutoka kwenye ngozi ya mkewe, aliyekuwa bado anamtazama usoni akisubiri afurahi.

"Nimemsikia," alisema Yunusu. Akatoka nje, akarudi posta bila kula.

Ndipo alipoitwa Bibi Hilaria wa Kaoze, mganga Mfipa, aliyepanda kutoka bondeni na rozari yake shingoni na kikapu cha dawa begani. Walimpa shikamoo, akaitikia, akakaa mkekani karibu na Mwanamvua, wala kikapu hakukifungua. Alisikiliza tu. Bangili ikagonga sinia, Yunusu akakohoa, na bibi akamgeukia.

"Huyu si wa kufukizwa," alisema. "Huyu anaongea, ila lugha yake mimi sina. Nani anayo humu ndani?"

Bi Kulsumu akamtazama mwanawe. Yunusu akainamisha kichwa, akasema, "Mimi, bibi. Anasema, nimekosea."

"Nani kakosea?"

Hapo ndipo Yunusu alipong'amua. Maana katika kazi yake hakuna anayemgongea mwenzake minane. Mtu hujigongea mwenyewe. Wiki zote zile mkewe ameosha mchele mara mbili, na aliyekosea ni yule aliyekuwa anagonga, na neno sahihi lililopaswa kufuata halikufuata hata siku moja, kwa sababu yeye Yunusu ndiye aliyekuwa analikatiza.

"Basi mwache amalize," bibi alisema.

Bangili ikagonga minane. Safari hii hakukohoa mtu. Upepo ukaacha kupuliza mlangoni, kuku uani wakanyamaza, na mkono wa Mwanamvua ukainuka wenyewe, umelegea kama nguo iliyoanikwa, ukaanza kugonga sinia polepole, pigo fupi na pigo refu, kwa mtindo Yunusu alioujua kuliko sauti ya mama yake, kwa sababu ulikuwa mtindo wake mwenyewe, namna yake ya kuvuta pigo la mwisho, na midomo ya Yunusu ikawa inatamka herufi moja moja huku jasho likimtiririka katika baridi ile, mpaka maneno yakatimia.

*Mkono si huu. Nautaka ule unaonigonga kila siku.*

Bi Kulsumu akajifunika uso kwa mtandio. Bibi Hilaria akauliza kwa sauti ndogo kama amemaliza.

"Amemaliza. Anangoja nimjibu kwamba nimepokea."

"Usipomjibu?"

"Atarudia. Hapo hapo alipo."

Mwanamvua alikuwa amesikia yote. "Usimjibu," alisema. "Yunusu, tafadhali. Tutahama." Na wakati anasema, khanga tumboni ilikuwa inatikisika, minane, na tena minane.

Yunusu alikuwa amechoka mno hata kuogopa hakuweza vizuri. Alimwambia mkewe kwamba hakukosea lolote, tangu mwanzo hakukosea, hata kwa zile mimba mbili za kwanza. Alilirudia hilo mpaka alipoona amelielewa. Kisha akanyoosha kidole cha mkono wa kulia, akagonga sinia, *nimepokea.*

Bangili ikateleza yenyewe, ikaangukia kwenye maharage. Bibi Hilaria akaifunga kitambaani, akaaga, na alipomuaga Yunusu alimpa mkono wa kushoto, ule wake wa kulia hakuugusa.

Mtoto alizaliwa ulezi ukivunwa, msichana, mzima, mwenye kelele. Mwanamvua alinenepa, akarudi kuosha mchele mara moja. Posta nako mambo yalikuwa mazuri. Makarani wa Mbeya waliuliza ni nani huyo mpya wa Sumbawanga, maana tangu siku ile haikutoka tena minane kwenye waya ule, hakikukosewa hata kitone, na mkubwa wa posta alimsifu Yunusu mbele ya watu.

Nyumbani, Yunusu alimbeba binti yake kwa mkono wa kushoto tu, wa kulia ameutia mfukoni mwa koti, ameubana. Mwanamvua alimuuliza siku moja kwa nini hambebi mtoto kwa mikono yote miwili kama baba wengine. Akamjibu kwamba mkono huo umechoka na kazi.

Akageukia ukutani, koti linatikisika, pigo fupi na pigo refu. Yeye ndiye aliyechoka. Mkono haukuwa umechoka hata kidogo.