Karatasi Iliyosimamisha Sepetu

Kila siku saa sita mchana Louise alifunika bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sufuria ndogo, akavuka barabara mbili za mtaa wa Kasulo, akampelekea mumewe chakula. Symphorien alikuwa mchimbaji wa madini. Shimo lake lilikuwa uwanjani kwa Tata Banza, mwenye kiwanja, chini ya turubai la rangi ya machungwa. Kabla ya kushuka alivua sandali zake na kuziacha kando ya shimo. Louise akifika, aliziona sandali kwanza. Hapo aliita, na sauti ya mumewe ilimjibu kutoka chini, kama ya mtu aliye chumba cha tatu.

Jumanne moja sauti haikujibu. Udongo ulikuwa umeporomoka.

Wenzake walianza kuchimba papo hapo, wakipokezana. Walichimba siku ya kwanza na ya pili. Hakuna aliyemdanganya Louise kwamba Symphorien atatoka mzima. Alichotaka ni mwili tu, amzike. Kwao matanga hayafungwi bila kaburi. Watu hukaa uwanjani kwa mfiwa juu ya mikeka, wakingoja.

Siku ya tatu watu walijaa. Kama ilivyo desturi, daftari la matanga lilipita mkono kwa mkono, na kila aliyefika aliandika jina lake. Mchana Tata Banza alileta karatasi nyeupe, na nakala yake. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Alisema watu wa depo wanaonunua mawe yake hutumia lugha hiyo, akamwomba Louise, mama wa matanga, naye aandike. Louise hakuuliza kitu. Tangu asubuhi majina yalikuwa yakiandikwa mbele yake. Akaandika lake, na nakala ikabaki ndani ya daftari.

Jioni ile wachimbaji walipanda juu, wakakunja kamba zao, wakaenda. Kesho yake shimo lilifunikwa kwa mbao. Louise aliamini kwamba wamechoka. Hakumlaumu mtu.

Wiki ikapita. Waliokaa kwenye mikeka walipungua, mmoja baada ya mwingine, kwa aibu, bila kuaga. Sandali, alizozileta Louise kutoka shimoni, zilibaki mlangoni. Louise hakuweza kuziingiza ndani, wala kuzitupa.

Siku ya kumi alikuja jirani, Mama Godelieve. Mama huyu alikuwa akiwapikia madereva wa malori kutoka Zambia. Kiingereza alijifunza kwao, huku akikoroga sufuria, na maneno magumu aliyatafuta kwenye kamusi kuukuu. Alichukua daftari la matanga ili aandike jina lake. Ndani akakuta ile nakala. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama Louise, hii ulisoma?"

"Kiingereza, mi ntakisomea wapi? Niliona batu bote banaandika majina. Na mi nikaandika."

Godelieve aliketi kando yake mkekani. Aliweka kidole juu ya neno moja, hereby, akalitamka polepole: hia-bai. Sauti ilikazwa kwenye bai. Louise akalirudia, na akalirudia tena. Godelieve akamweleza kwamba hayo ni maneno mawili ya Waingereza wa kale, yaliyounganishwa tangu karne nyingi. Here maana yake ni hapa. By maana yake ni kwa, au kwa njia ya. Yakikaa pamoja kwenye barua husema: kwa karatasi hii hii. Mfaransa naye huandika par la présente.

"Kumbe ni neno dogo," Louise alisema.

"Dogo, lakini halileti habari. Linafanya kazi. Pasta akisema ninakubatiza, hasimulii ubatizo. Anabatiza. Karatasi nayo ikisema hereby, jambo linafanyika pale unapoweka jina."

"Na hii yangu, ilifanya nini?"

Godelieve alivaa tena miwani. Kisha akasoma kwa Kiswahili: "Mimi Louise, mke wa Symphorien, kwa karatasi hii ninakubali kazi ya kumtafuta isimame, na shimo lifungwe."

Louise alitazama mlangoni, kwenye sandali.

"Basi njo mi nilibasimamisha wachimbaji."

"Mukono ulikuwa wako, mama. Lakini macho hawakukupa."

Louise alilia. Godelieve hakumwambia anyamaze. Louise alipomaliza, Godelieve alimpa shauri moja tu: mtu akileta karatasi, aisome kwa lugha yako, mbele ya mtu unayemwamini. Asipotaka, usishike kalamu. "Na kama uko na machozi," akaongeza, "kaushe kwanza. Karatasi itangoja."

Siku ileile walikwenda kwa shefu wa mtaa. Banza aliitwa. Alisema Kiingereza naye hakijui sawasawa, kwamba watu wa depo waliogopa mtu mwingine asifukiwe. Louise hakujua kama ni kweli. Hakubishana. Aliandika karatasi ya pili, kwa Kiswahili na Kifaransa: kwa karatasi hii ninaondoa neno langu la kwanza, ninaomba mume wangu atafutwe. Aliisoma kwa sauti mbele ya wote, kisha akaweka jina. Shefu akapiga muhuri.

Asubuhi wachimbaji walirudi na magogo ya kuzuia kuta. Mkubwa wao, Guelord, alisimama mbele ya Louise akiwa ameshika kofia.

"Tuliambiwa weye njo ulichoka, mama."

"Na mi nilifikiri ni ninyi."

Guelord akavaa kofia, akawaita wenzake. Walishuka kwa zamu. Siku ya nne ya kuchimba tena walimpandisha Symphorien, amefungwa kwenye turubai lake la machungwa.

Mikeka ilijaa tena. Makaburini, karani alimletea Louise karatasi ya kuruhusu maziko, ya Kifaransa, akamwonyesha mahali pa kuandika. Jua lilikuwa kali. Waliobeba sepetu walikuwa wakingoja. Louise aliomba wasubiri. Alisoma kila mstari, kidole kikifuata maneno, na Godelieve akimsaidia yale magumu. Alipofika kwenye par la présente alisimama kidogo. Alijua sasa kwamba akiandika jina, jambo litafanyika.

Hakuna aliyemharakisha.

Aliweka sandali miguuni pa jeneza. Akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, akamrudishia karani kalamu. Udongo ukaanza kuanguka.