Aliyefunikwa Kisimani

Ninayesimulia habari zake ni dada yangu wa tumbo moja. Hasira yake ya siku ile haijapoa mpaka leo, na yangu vilevile.

Asubuhi ilianza kama nyingine. Dada na mumewe walikuwa vibarua kwenye jumba la mawe lililojengwa na mtawala mmoja karne saba zilizopita. Tajiri aliyelinunua alitaka kuligeuza hoteli. Dada alichanganya zege. Shemeji, tuliyezoea kumwita Kipara, alipewa kazi ya kuzibua kisima cha uani.

"Kuta zinamumunyika, bosi," alimwambia msimamizi. "Tuweke nguzo kwanza."

"Shuka, au kesho usije."

Akashuka. Kabla ya adhuhuri kuta zikamwangukia.

Wenzake walikimbilia sepetu. Msimamizi akawazuia. "Huyo ameshakufa. Mkifukua, kazi itafungwa na nyote mtalala njaa." Akaamuru mbao zipangwe mdomoni mwa kisima, zege limwagwe juu yake. Zege lenyewe ni lile alilolichanganya dada kwa mikono yake.

Dada hakulia. Alikaa kando ya zege bichi, akagoma kuondoka. Ndipo akasikia kitu kinagonga chini. Akalaza sikio.

"Mke wangu," Kipara alinong'ona. "Huku kuna mtu."

Kisha ikaja sauti nyingine, nzito. Maneno yake yalikuwa ya kizamani, lakini aliyaelewa.

"Kisima hiki nilikichimba mimi. Maji yalipotoka, mtawala alikata kamba, nisije nikamchimbia mwingine. Akanifunika ningali hai. Mke wangu alisimama hapo ulipokaa. Wakamwambia nimeshakufa. Akaenda zake."

Chini kukagongwa tena.

"Nilimsikia akienda."

Dada anasema hapo woga ulimtoka, ikabaki hasira tupu. Hasira ya wake wawili. Akatwaa mtaimbo. Msimamizi akamdaka mkono.

"Niguse tena," dada alisema polepole, "nikuzike wewe."

Akamwachia. Wenzake wakaona haya, wakaja na sepetu zao.

Walifukua mpaka jua likaelekea kuzama. Kipara alikuwa hai, kichwa juu ya tope. Kuna kitu alikuwa amekikanyaga. Walimvuta, hakuja. Wakamulika tochi.

Chini yake mifupa ya mtu ilisimama wima. Mabega yake ndiyo yaliyombeba. Vidole vilikuwa vimemshika miguu.

"Mwache," dada alinong'ona kuelekea chini. "Na wewe tunakutoa."

Vidole vikaachia.

Yule mchimbaji wa kale walimzika kwa heshima zote. Msimamizi hakufika mazikoni. Alisema hana muda wa kulilia mifupa. Wiki haikuisha, mkewe akabisha hodi kwa dada.

"Shoga yangu, mwambie mumeo amwache mume wangu. Tangu jana kajifungia, anasema kuna mtu anamwita."

"Mume wangu yuko kitandani, hata kusimama hawezi. Hajamwita mtu."

Wakaongozana. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Wakauvunja. Dirisha lilikuwa na nondo, nzima zote. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limelowa.

Sakafuni, kutoka mlangoni hadi kitandani, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, za tope bichi.

Za kurudi hazikuwepo.