Makaa Kutoka Nyumba ya Mteremkoni

Ingia basi, usisimame mlangoni, ukungu unajaa humu ndani. Moto upo. Nani kakwambia haupo? Lete hicho kigae chako nikutilie makaa... Hayo. Sasa kaa kwenye kigoda, uyaache yashike vizuri, maana ukitoka nayo mbio kwenye unyevu huu yatazima kabla hujafika bondeni.

Viberiti bado havipatikani, eti? Wakati wetu ilikuwa hivyohivyo. Sabuni hakuna, sukari hakuna, kiberiti ukikipata unakificha.

Mimi si wa huku. Kwetu ni Voi, Kenya. Mpaka wa Tanzania ulipofunguliwa tena, nilivuka Taveta kuja kusoma kilimo Arusha, na mama yangu alilia stendi mpaka nikaona haya. "Wakio, usikae sana," aliniambia. Nikamjibu, ni miaka miwili tu, mama, acha kunililia.

Chuoni nilikuwa na marafiki wawili. Natalia ni Mwiraqw wa hapahapa Buger, mpole sana. Ismaili wazazi wake walitoka Singida kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano Karatu. Huyo sasa, mdomo wake! Jumamosi moja tumekaa nje ya bwalo, akaja anakimbia.

"Mkenya! Kuna lori linakwenda Karatu sasa hivi. Hujaiona kreta ya Ngorongoro, utawaambia nini kwenu?"

"Hatujaaga," nikasema.

"Utaaga ukirudi!"

Tukapanda juu ya magunia hivyohivyo, mimi na sweta yangu na kanga moja. Mto wa Mbu tukanunua ndizi nyekundu, na lori lilipoanza kukwea ukingo wa bonde nikamng'ang'ania Natalia mkono, wenzangu wakanicheka mpaka juu. Jamani, sijawahi kufurahi vile tena.

Ngorongoro tulikuwa tufike Jumapili. Mvua ikatuwahi Karatu, Natalia akasema twende tukalale kwao. Tukafika magharibi, tumelowa chapachapa. Mama yake hayupo, kaenda msibani, na jikoni moto umezima.

"Nenda hapo kwa jirani ukaombe moto," Natalia akaniambia, akanipa kigae. "Nyumba ya bati."

Ukungu ulikuwa huuhuu. Bati sikuliona. Niliona moshi unatoka ardhini.

Si umeona mwenyewe? Nyumba hii imechimbwa mteremkoni, paa lake la udongo limeota majani, ng'ombe anapita juu asijue. Njiani palikuwa na tawi la miiba limelazwa. Kwetu tawi la hivyo ni la kuzuia mbuzi, basi nikaliruka. Na wewe umeliruka, siyo? Nilikusikia.

Humu ndani mlinuka samli iliyochacha na jivu bichi. Mama mmoja alikuwa amekaa hapa nilipokaa mimi, kajifunika ngozi.

"Shikamoo, mama. Naomba moto."

Akanipokea kigae. Akatia makaa kigaeni. Kisha akanong'ona:

"Jina lako nani?"

"Wakio."

"Wa... kio." Alilisema taratibu, kama anayeonja mchuzi.

Akasimama, akatoka.

Nami nikamfuata. Nikainama mlangoni hapo, nikavuka kizingiti... nikaingia.

Humuhumu.

Nikageuka, nikatoka tena. Nikaingia. Moto uleule, kigoda kilekile. Nilifanya hivyo mpaka nikapoteza hesabu.

Ndipo nikamsikia Ismaili huko nje. "Wakio! Mkenya weee! Umeufuata moto Voi?"

Nikafumbua mdomo nijibu.

Mtu akanitangulia.

"Naja! Ukungu huu, jamani, nusura nipotee!"

Sauti yangu. Kiswahili changu cha Voi, hata kicheko changu. Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. Hakuna aliyesikia. Wakapita hapa juu ya paa, Ismaili akimtania, udongo ukanidondokea machoni. Kisha kimya...

Sikuambiwa kitu mimi. Hata neno! Nilikuja kukisia mwenyewe. Natalia aliwahi kutuhadithia kwamba zamani huku mtu aliyepatwa na kifo kibaya nyumbani alitengwa, njia yake ikawekewa miiba, na moto wake haukuchukuliwa, maana ukiuchukua umechukua na mkosi wake. Tulicheka siku ile. Yule mama alitengwa kwa lipi, sijui. Wala sijui kama ni yeye wa kwanza, au naye alikuja kuomba moto tu.

Nimewafukuza wengi, usidhani. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni, nikamrushia jivu la moto akakimbia analia. Nilijiapiza simfanyii mtu. Lakini yule mwanamke yuko kwetu na sura yangu, anakula na mama yangu, anaitwa Wakio. Na jana nilijaribu kuikumbuka sura ya mama, nikaikosa. Nikaikosa kabisa! Nikalia mpaka basi. Nikasema, atakayekuja kesho, Mungu anisamehe.

Mbona umekiweka chini kigae? Haisaidii, mdogo wangu. Nami niliyamwaga makaa yangu, nikayakanyaga, yakawaka palepale kwenye mafiga. Umeshayapokea. Nenda, jaribu huo mlango.

...

Umeona.

Usilie, nisikilize. Kuni hutahitaji. Njaa itakusumbua mwanzoni, baadaye itakuacha. Mtu atakuja tu, maadamu viberiti hakuna. Mwenzio sikuwa na wa kunieleza, wewe angalau nimekueleza yote.

Nitakwenda Voi. Najua nitafika na sura yako, mama hatanijua. Sijali. Nitabisha hodi niombe maji ya kunywa, atayaleta mwenyewe, nitamtazama akinipa kikombe. Hilo tu ndilo ninalolitaka.

Shh... Unasikia? Hatua hizo juu ya paa. Ni wenzako, wameona umechelewa. Sasa hivi wataanza kuita.

Haraka, mdogo wangu. Nataka niitikie vizuri wasije wakashtuka.

Jina lako nani?