Njaa Haipandi Mkokoteni

Siku ya kuhama, plot yote ya vyumba vya kupanga pale Mashimoni, Kibera, iliamka mapema. Huyu ameshika meza, yule amebeba godoro kwa kichwa, na Okoth amesimama kando ya mkokoteni wake akipiga kelele kama yeye ndiye anahama.

"Nyinyi watu, hii si lori! Mzigo mzito chini! Nani ameweka kioo hapa?"

Mutheu alikuwa amechuchumaa mlangoni na mtoto wake Kaveke, anafunga vyombo ndani ya shuka. Mikono ilikuwa hapo, lakini mdomo ulikuwa mbali. Alikuwa anaimba polepole kama mtoto wa shule: "A noun is the name of a person, place, animal or thing." Yaani noun ni jina la mtu, mahali, mnyama ama kitu. Huo wimbo aliwekewa kichwani kule Kitui, na kiboko juu. Hajawahi kuusahau. Na shida yake ilitoka hapo hapo.

Mutheu alikuwa anafulia watu nguo. Sabuni ilikuwa imekula vidole mpaka hata chumvi ya mboga ilikuwa inamchoma. Halafu akasikia kuna chekechea huko Kawangware inatafuta mwalimu msaidizi. Akaenda. Mwenye shule, Madam Waceke, alipenda vile watoto walimkimbilia. Lakini akampatia mtihani kidogo wa Kiingereza: chagua nouns, uzipange kwa aina zake, na neno lisilo noun ulikate.

Mutheu akapata neno hunger, yaani njaa. Akauliza wimbo wake. Njaa ni mtu? Hapana. Ni mahali? Ni mnyama? Ni kitu mtu anaweza kushika? Wapi! Akaikata na kalamu. Akafika kwa kindness, yaani roho nzuri. Hiyo pia akakata. Basi akaanguka.

"Mama, nakupatia nafasi moja tu," Madam Waceke alimwambia. "Rudi Jumatatu. Ukishindwa tena, nachukua mtu mwingine."

Sasa ilikuwa Jumamosi. Bwanake, Urbanus, ni fundi wa viti, na alikuwa amepata kibanda cha kazi huko huko Kawangware. Kuhama ilikuwa lazima. Lakini Mutheu alikuwa anamwacha Mwalimu Eddah, jirani wa mlango kwa mlango, mama wa Kijaluo anayefundisha ngumbaro, ile masomo ya watu wazima, jioni kwa kanisa. Nani atamfundisha huko mbele?

Eddah alitokea akiwa amejifunga leso kiunoni.

"Mama Kaveke, bado unaimba hiyo wimbo?"

"Mwalimu, nikiacha kuimba nitasahau."

"Ukiendelea kuimba utaanguka. Hebu leta sufuria hapa."

Mutheu akampa. Eddah akaipindua. Chini ilikuwa imeandikwa MUTHEU, imekwaruzwa na msumari. Kila mama wa plot anafanya hivyo, kwa sababu kukiwa na matanga vyombo vinaazimwa, na bila jina hutaona chako tena.

"Hii inaitwa nini?"

"Sufuria."

"Na ile ya jirani yetu Mama Nanyama?"

"Sufuria pia."

"Sawa. Sufuria ni jina la zote. Hiyo ni common noun. Lakini hii iliyoandikwa chini ni ya mmoja tu. Mutheu, Kitui, Kawangware. Hiyo ni proper noun. Inaanza na herufi kubwa, hata ikiwa katikati ya sentensi."

"Na mimi je, Mwalimu?" Okoth akaingilia.

"Okoth ni proper. Msukuma mkokoteni ni common."

"Common? Mimi? Tangu Makina mpaka Kawangware uliza watu kama mimi ni common!"

Watu wakacheka. Eddah alikuwa amekuja tu kuaga, lakini aliona woga kwa macho ya Mutheu. Akambeba Kaveke mgongoni, akamfunga na leso yake, akasema, "Twende. Nitawasindikiza. Tutasoma njiani."

Wakatoka. Urbanus na Okoth mbele wanavuta, wamama nyuma wanasukuma. Wakapita Makina, wakapanda mpaka Ngong Road. Juu ya mzigo kulikuwa na mtungi wa maji wa Mashimoni, kwa sababu hawakujua kama huko wanakoenda mfereji utakuwa na kitu. Kila mkokoteni ukiruka, maji yalimwagika kidogo.

"Hesabu mtungi," Eddah akasema.

"Ni moja."

"Hesabu maji."

Mutheu akaangalia maji yakimwagika. "Maji haihesabiki. Unahesabu mtungi."

"Sawasawa! Mtungi ni countable, maji ni uncountable. Ndiyo maana hatuandiki waters tatu. Unga, sukari, mchanga, hivyo hivyo."

"Viti yangu inahesabika," Urbanus akasema bila kugeuka.

"Kiti, ndiyo. Chair moja, chairs nyingi. Lakini furniture, hapana. Usiandike furnitures kwa kibao cha kazi yako."

Urbanus akavuta mkokoteni kwa nguvu zaidi. Kibao alikuwa ameshakipaka rangi.

"Na sisi wote hapa, Mwalimu?" Mutheu akauliza. "Sisi watu wengi, lakini tunaitwa family, neno moja."

Eddah akasimama hapo kwa barabara. "Wewe! Hiyo umeitoa wapi? Sijakufundisha!"

"Nimeona tu."

"Hiyo ni collective noun. Wengi ndani ya jina moja. Family, team, class. Unaona? Hii kitu unajua. Ni wimbo unakufunga macho."

Karibu na Dagoretti Corner mkokoteni ukakataa mlima. Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, wakakaa kando. Jua lilikuwa kali. Tangu chai ya asubuhi, hakuna mtu alikuwa ameweka kitu mdomoni.

"Mama Kaveke," Eddah akasema, "umebeba kila kitu?"

"Kila kitu."

"Njaa uliacha Mashimoni?"

Okoth akacheka mpaka akakohoa. "Aache wapi! Mimi naisikia hapa tumboni inapiga ngoma!"

"Basi mmekuja nayo," Eddah akasema. "Nionyeshe. Imekaa wapi kwa mkokoteni? Chini ya godoro? Ndani ya ndoo?"

Mutheu akaangalia mzigo. Akaangalia watu wake wamekaa kwa vumbi. "Haijapanda mkokoteni," akasema polepole. "Lakini tuko nayo."

"Ina jina?"

"Ina jina. Njaa. Hunger."

"Kama ina jina?"

"Ni noun," Mutheu akasema. Kisha akashika kichwa. "Uuwi! Mimi nilikata!"

"Hiyo ndiyo abstract noun. Huwezi kuishika wala kuiona, lakini unaijua. Furaha, woga, upendo. Huo wimbo wako si mbaya, ni mfupi tu. Ongeza mwisho: na zile ambazo hazipandi mkokoteni."

Walipofika Kawangware, Eddah aliteremsha mzigo pamoja nao, akapangusa jasho, akarudi Kibera kwa mguu. Baadaye Mutheu akafungua shuka ya vyombo. Ndani ya sufuria kubwa kulikuwa na nyingine imeingia. Akaipindua. EDDAH. Ilikuwa ile ya kuazima, ya chai ya asubuhi.

"Tumeiba ya Mwalimu!" Urbanus akasema.

"Hatujaiba. Itarudi. Lakini haitarudi tupu."

Jumatatu, Madam Waceke akampatia karatasi ingine. Mutheu alipanga maneno moja moja bila kuimba. Mwisho akapata kindness tena. Akakumbuka Eddah akirudi na ile barabara peke yake, viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi. Akaandika: abstract.

Siku hizi ukipita hiyo chekechea utasikia watoto wa Mwalimu Mutheu wakipiga kelele, "Haipandi mkokoteni!" Wanajua aina zote, na hakuna aliyechapwa.

Mshahara wa kwanza ulipoingia, Mutheu alirudi Mashimoni na sufuria imejaa muthokoi, ile mahindi ya kukobolewa na maharagwe ya kwao Kitui, mpaka kifuniko kilikuwa kimeinuka. Eddah alifungua mlango, akapindisha shingo kusoma jina lake chini.

"Sufuria ni common, Mwalimu," Mutheu akasema haraka. "Eddah ni proper. Muthokoi haihesabiki."

"Na nini ingine umeniletea?"

Mutheu akakumbatia sufuria. "Ile ingine haikutoshea kwa sufuria," akasema. "Nimekuja nayo tu kwa mguu."

Eddah akajipangusa macho na leso.

"Ingia ndani," akasema. "Kwanza tule hii inayoonekana."