Abiria wa Kiti cha Mbele

Jua lilikuwa linazama, na Taratibu alikuwa anarudi gereji na gari lilelile, kwa ugonjwa uleule. Jina hilo alipewa na abiria wake wa teksi, maana ukimkabidhi trei ya mayai atayafikisha yote mazima, ila wewe utafika umeshachelewa. Jioni hiyo alikuwa amechoka, amechoka mpaka hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo.

Injini ya kwanza ilikuwa imekufa. Ili wapate nyingine ya mtumba, mkewe, ambaye ni fundi nguo, aliuza cherehani yake. Hakulia wala hakunung'unika. Aliifuta vumbi, akaifunika kitambaa chake, akamkabidhi mnunuzi. Injini ikafungwa, gari likawaka bila kusumbua, wote wakafurahi mpaka Taratibu alipotoka nalo getini.

Ko. Ko-ko.

Kimya. Halafu tena...

Ko. Ko-ko.

Fundi wa gereji alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Alishabadilisha raba zinazoshika injini, akabadilisha na mkanda, akalala chini ya gari kutwa nzima akihangaika na bomba la moshi. Kila safari alikuwa na jibu jipya na uso mkunjufu. Safari hii lilibaki jibu moja.

"Kaka, gari limepona," alisema. "Ni kelele tu zimebaki."

"Abiria wananishukia njiani, fundi."

Fundi akashusha pumzi. Akachukua bisibisi ndefu, akaegesha ncha yake kwenye injini na mpini sikioni, kama mafundi wafanyavyo wakitafuta mlio umejificha wapi. Akasikiliza. Akahamisha, akasikiliza tena. Maneno yakamwishia mdomoni.

"Hautoki huku," alisema kwa sauti ya chini.

"Unatoka wapi?"

Fundi alinyoosha bisibisi kuelekea ndani ya gari. Kiti cha mbele, cha abiria. Hakikuwa na mtu, na kwa kweli hakikuwahi kuwa na mtu tangu injini ifungwe, maana wateja wote walipenda kukaa nyuma.

"Jaribu kumkalisha mtu pale," alisema bila kumtazama usoni.

Taratibu alimfuata mkewe nyumbani, akamwomba apande kidogo wajaribu. Mke akafunga mkanda. Gari likaondoka.

Kimya.

Walizunguka mtaa mzima, wakapita kwenye matuta na kwenye mashimo. Hakuna kilichogonga. Kulikuwa na harufu kidogo tu, kama ya dawa za hospitali, wakafungua dirisha.

"Kumbe lilikuwa linanitaka mimi," mke alisema, akacheka. Taratibu naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

Tangu siku hiyo wakawa wanatoka wote. Mke hakuwa na cherehani ya kumbakiza nyumbani, na wateja walirudi, wengine wakimtania dereva kwamba analindwa. Ilikuwa raha. Ndiyo maana Taratibu hakutaka kuona vizuri jinsi mkewe alivyoanza kuchoka, jinsi alivyosimama katikati ya ngazi akitafuta pumzi. Mke alisema ni joto. Kesho yake akasema ni kukaa sana.

Halafu alfajiri moja alimkuta mkewe mezani, chai imepoa, macho yameelekea dirishani. Vidole vyake vilikuwa vinagonga ubao.

Ko. Ko-ko.

"Unafanya nini?" aliuliza Taratibu.

"Nani?" Mke akautazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa jirani.

Siku hiyo alimwacha nyumbani. Gari likagonga njia nzima mpaka gereji, na fundi alipomwona anashuka peke yake akaketi juu ya tairi. Ilibidi abembelezwe mpaka jioni kabla hajasema.

"Ile injini niliitoa kwenye gari lililoachwa," alisema kwa kunong'ona. "Mwenyewe alikuwa anamkimbiza mkewe hospitali, mama wa watu hapati pumzi. Gari likazima njiani. Sauti ilikuwa imeshamwisha yule mama, akabaki kugonga tu dashibodi kumhimiza mumewe. Anagonga... anagonga. Hawakufika."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua nimeipata kwa bei nzuri."

Taratibu hakumpiga. Hakuwa na nguvu hizo. Alirudi nyumbani na giza likianza kuingia, akamkuta mkewe ameketi sakafuni, mgongo ukutani, midomo imepauka, kifua kinapanda na kushuka bila kupata kitu. Mkono wake ulikuwa unagonga sakafu.

"Twende," alinong'ona. "Mbona hatufiki?"

Sauti haikuwa yake.

Taratibu aliogopa. Alitamani gari lingine lolote, lakini mlangoni lilikuwepo hilo moja, na mkewe alikuwa anamfia mikononi. Kisha akawaza: kama shida ya yule mama ni kufika, basi nimfikishe. Akifika ataniachia mke wangu. Akambeba, akamweka kiti cha mbele, akaendesha kama ambavyo hakuwahi kuendesha maisha yake yote. Aliisihi ile injini kwa sauti, kama anamsihi mtu. Isizime. Tafadhali isizime.

Haikuzima.

Walipoingia geti la hospitali, mkewe alivuta pumzi moja ndefu, ya kina, na vidole vikatulia. Muuguzi alikuja na kiti cha magurudumu, akampima palepale, akamsikiliza kifua mbele na mgongoni.

"Huyu mbona mzima?" alisema. "Kapumzikeni nyumbani, baba. Wewe ndiye unayeonekana mgonjwa."

Taratibu alilia, kichwa juu ya usukani. Mkewe alimpapasa bega mpaka akamaliza. Wakaondoka polepole, madirisha wazi, barabara imetulia na gari limetulia. Alikuwa anafikiria cherehani, namna atakavyoitafuta na kuirudisha, walipofika njia panda.

"Kulia," alisema mkewe.

"Kwetu kushoto, mama."

"Watoto hawajala tangu asubuhi."

Hawakuwa na watoto. Walihangaika miaka na miaka, wakakata tamaa pamoja, na tangu hapo neno hilo halikutajwa kati yao.

Taratibu alikata usukani kushoto. Pumzi ya mkewe ikakatika. Mkono ukainuka kwenye dashibodi.

Ko. Ko-ko.

Aliurudisha usukani haraka, pumzi ikarudi. Akajaribu tena kushoto, kidogo tu... ikakatika.

"Mke wangu," alinong'ona. "Upo?"

Ule uso aliouzoea ukamgeukia kwa upole, upole ule wa abiria kwa dereva asiyeijua njia.

"Kulia," alirudia. "Mbele nitakuelekeza."

Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Taratibu akafuta macho kwa mkono wa shati, akakata kulia, kwa sababu huko ndiko mkewe alikokuwa anapumua.