Sufuria za Kina Mama wa Mbwawa

Kila Jumamosi, wakishamaliza kufua, Hajra na mama yake, Bi Mwanamvua, walikaa barazani kusuka mikeka. Siku hizi walikuwa watatu. Flora, binti wa jirani yao Mama Laurentia, alikuja kujifunza, na mama hakuchoka kumsifu.

"Tazama Flora anavyoukaza ukili, mwanangu. Wako umelegea."

Hajra alinuna. Mama ni wake yeye, sasa huyu Flora amefuata nini? Kwa wivu, chakula cha mchana alikula peke yake jikoni.

Jioni alitumwa dukani, akakutana na Bi Saida. Bi Saida huyo, Bi Mwanamvua na Mama Laurentia walikuwa katika kikundi cha kina mama wa Kiislamu na wa Kikristo wa hapo Mbwawa. Walinunua pamoja sufuria kubwa za kupikia shughuli zote, za maulidi na za kipaimara. Sharti lilikuwa moja tu: nyama ya nguruwe isiingie humo. Sufuria zilitunzwa kwa Mama Laurentia.

"Shikamoo, Bi Saida. Jana nimewaona kina Flora wanapikia nguruwe kwenye sufuria ya kikundi."

Wala hakuona kitu. Alitaka tu Flora asikanyage tena kwao.

Weee, umbea hauna breki! Asubuhi kina mama walijaa uani kwa Mama Laurentia. Maulidi yalikuwa yamekaribia, na Bi Saida alitaka kikundi kivunjwe, kila upande upike kivyake. Flora alilia mlangoni.

"Mimi sijapikia nguruwe humu," Mama Laurentia alisema. "Lakini Hajra namjua, hana uongo. Kama ameona, basi kuna mtu aliingia jikoni nikiwa sipo. Chukueni sufuria zote."

Hajra, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, aliona aibu. Mama Laurentia alikuwa radhi achafuliwe jina kuliko kumwita yeye mwongo.

"Sikuona," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwonea Flora wivu, mama anamsifu yeye tu."

Sufuria zilibaki pale pale. Lakini maneno yalikuwa yameshafika mbali, hivyo Bi Mwanamvua alimzungusha binti yake nyumba kwa nyumba, aseme ukweli kwa kinywa chake.

"Wivu humpata kila mtu, mwanangu," mama alimwambia njiani. "Ungeniambia, tungeyamaliza mimi na wewe. Wewe ukaugeuza uongo, ukataka kuwatenganisha watu waliochukua miaka kuaminiana."

"Na kwa Mama Laurentia tunakwenda saa ngapi kuomba radhi?"

"Kule utakwenda peke yako. Yeye ndiye aliyekuamini."