Kuni za Mreteni wa Kaburini

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2010, rafiki yangu Emilbek alipiga hema katika hifadhi ya milimani, huko Kirgizia, pamoja na mkewe Nurzat na binti yao Aiday, aliyeanza kutembea Aprili. Kuni zilipokosekana, alikata tawi la mreteni uliofungwa vitambaa vya nadhiri kando ya kaburi.

“Baba Aiday, mti wa watu huo!”

“Mwenyewe akija, mkaribishe chai.”

Jioni ukungu ulitanda. Nje ukasikika mvumo wa mtu asokotaye sufu, akilizunguka hema polepole. Uliponyamaza, Aiday akalia. Miguu yake ilikuwa imefungwa pamoja kwa uzi mweusi na mweupe, ule ambao Wakirgizi humfunga nao mtoto miguu kisha huukata ili aanze kutembea. Kila Emilbek alipoupitishia kisu, uzi ulizidi kukaza.